Jinsi ya kuchora bendera ya Kenya bila kukosea, na kujua kila rangi ilitoka wapi

Watu wengi wakiambiwa wachore bendera ya Kenya wanaanza na ngao. Ni kawaida, ngao ndio inavutia macho, basi mtu anachora ngao kubwa katikati ya karatasi halafu anaanza kubanabana rangi juu na chini mpaka zitoshee, na ndio unaona zile bendera za kazi ya shule zimebandikwa ukutani darasani, nyeusi nyembamba, nyekundu nono, kijani imekatwa nusu, na nyeupe imesahaulika kabisa ama imekuwa pana kushinda zingine. Mimi nina njia moja tu na haina ujanja mwingi: ichore kwa mpangilio ule ule ilitengenezwa. Hii bendera haikuchorwa na mtu mmoja ameketi kwa meza siku moja, iliongezwaongezwa kuanzia 1951 mpaka 1963, rangi mbili, halafu ya tatu, halafu nyeupe, na ngao nayo ina kisa chake tutafika. Ukifuata huo mpangilio mkono unaenda sawa, na tena mtoto akikuuliza hii nyekundu ni ya nini hutabaki ukimjibu ati ni damu, nenda ulale.

Vifaa si vingi. Karatasi nyeupe (manila ni nzuri zaidi juu haipitishi rangi), penseli iliyochongwa vizuri, rula, raba, na krayoni ama rangi za maji, nyeusi, nyekundu na kijani. Nyeupe usinunue, nyeupe ni ile ya karatasi yenyewe.

Kwanza vipimo, maanake hapa ndio watu wanaharibu

Bendera ya Kenya ni uwiano wa mbili kwa tatu, yaani kimo kikiwa mbili, urefu ni tatu. Ndani yake kuna mistari mitano, sio mitatu vile watu husema. Mitatu mikubwa yenye upana sawa, nyeusi juu, nyekundu katikati, kijani chini, halafu miwili myembamba ya nyeupe inaitenganisha. Ukigawa kimo chote visehemu 20, nyeusi inachukua 6, nyeupe 1, nyekundu 6, nyeupe 1, kijani 6. Jumlisha utaona ni 20. Hiyo sita moja sita moja sita ikariri kabisa, maanake ukiijua unaweza kuchora bendera ya saizi yoyote, ya daftari, ya ukuta, ya kushona, hesabu ni ile ile.

Kwa karatasi ya kawaida chukua urefu sentimita 15 na kimo sentimita 10. Hapo kila mstari mkubwa unakuwa sentimita 3 na kila nyeupe nusu sentimita, hakuna desimali za kukusumbua. Ukitaka kubwa kidogo ya kujaza A4, weka 24 kwa 16, mikubwa inakuwa 4.8 na nyeupe 0.8. Usijaribu 30 kwa 20 kwa A4 hata kama hesabu yake ni tamu, A4 ni sentimita 29.7 kwa hivyo utakosa milimita 3 na utaanza kulaumu rula.

Chora boksi lako la 15 kwa 10. Sasa upande wa kushoto, kuanzia juu kabisa, weka vialama kwa 3, kwa 3.5, kwa 6.5 na kwa 7. Nenda upande wa kulia ufanye vile vile, halafu unganisha na rula. Usipime upande mmoja tu alafu ukavuta mstari kwa macho, utateremka, na mstari wa nyeupe wa nusu sentimita ukiteremka kidogo tu unaonekana kama barabara ya kijijini. Penseli iwe nyepesi, usikandamize, baadaye hiyo mistari haitakiwi kuonekana. Kwa bendera hakuna laini nyeusi ya kuzungushia rangi, rangi zinagusana moja kwa moja na nyeupe.

Nyeusi na nyekundu

Hizi mbili ndio za kwanza kwa historia kwa hivyo tuanze nazo. Kabla yazo, kwa nchi hii kulikuwa na bendera za wenyewe. Serikali ya koloni ilipeperusha ya Muingereza, na ile ya koloni lenyewe ilikuwa ya bluu, ile ya Muingereza iko ndogo kwa kona na simba mwekundu amesimama kwa miguu ya nyuma. Ukienda pwani ulikuta kitu kingine tena, juu ule ukanda wa mwambao wa maili kumi ulikuwa kwa jina ni wa Sultani wa Zanzibar, na bendera yake nyekundu tupu, bila alama yoyote, ilikuwa inapepea pale Fort Jesus Mombasa mpaka 1963. Yaani mtu wa Mombasa alikuwa na bendera mbili juu ya kichwa na hakuna hata moja alikuwa ameulizwa maoni.

Sasa chama cha KAU, Kenya African Union, ndio walikuja na yao, tarehe 3 Septemba 1951. Ya kwanza kabisa ilikuwa nyeusi na nyekundu tu, na katikati ngao nyeupe na mshale. Kijani haikuwepo. Wengi hawajui hii, wanadhani rangi tatu zilikuja pamoja.

Kwa mchoro wako jaza nyekundu saa hii, ule mstari wa katikati kati ya 3.5 na 6.5, lakini acha katikati yake wazi kwanza mahali ngao itakaa. Nyeusi ni hapa tu ndio nakuruhusu uruke foleni, iandikie herufi ndogo ya N na penseli uiache, utaijaza mwisho kabisa. Krayoni nyeusi ina vumbi, ukianza nayo mkono wako utaiburuta mpaka kwa nyeupe na hapo hakuna raba itakuokoa. Nyekundu iwe nyekundu iliyoiva, sio ya machungwa wala ya pinki. Jaza kwa mwelekeo mmoja, kushoto kwenda kulia, ukienda huku na kule itatoka na mabaka.

Kijani, na ile hotuba ya Nyeri

Mwaka uliofuata, 1952, KAU wakabadilisha, wakaweka mistari mitatu sawa, nyeusi, nyekundu na kijani, na katikati ngao na mkuki na mshale na herufi za chama. Na hapa tuna bahati juu Jomo Kenyatta mwenyewe aliieleza mbele ya watu. Ilikuwa mkutano mkubwa wa KAU Nyeri, tarehe 26 Julai 1952, na maelezo yake yako kwa rekodi. Nyeusi alisema ni kuonyesha kwamba hii ni ya watu weusi. Kijani ni kuonyesha kwamba nchi hii tulipewa na Mungu ikiwa ya kijani, yenye rutuba, nzuri. Halafu akawaambia watu waangalie vizuri, waone vile kijani iko chini ya nyekundu, imekandamizwa.

Lakini hebu angalia nyekundu. Siku ile Nyeri Kenyatta hakusema ni damu ya mashujaa iliyomwagika. Alisema nyekundu ni kuonyesha kwamba damu ya Mwafrika ni rangi moja na damu ya Mzungu. Yaani ilikuwa ni hoja ya usawa, ati tukikatwa wote tunatoka kitu kimoja, sasa wewe unaniambia siwezi kulima kahawa yangu wala kuketi kwa hoteli yako kwa sababu gani.

Halafu angalia tarehe. Julai 1952. Tarehe 20 Oktoba mwaka ule ule gavana akatangaza hali ya hatari, Kenyatta akakamatwa usiku ule, na 1953 KAU ikapigwa marufuku. Watu wakaingia msituni, wengine maelfu na maelfu wakafungiwa kambini, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, akanyongwa Februari 1957. Bendera ilipokuja kupandishwa 1963 nyekundu ilikuwa imeshabeba maana nyingine, damu iliyomwagika kupigania uhuru, na hiyo ndio tunafundishwa shuleni mpaka leo. Maana rasmi ni hiyo na mtihanini andika hiyo, usije ukanilaumu. Lakini mimi huwa nawaambia watu wajue zote mbili, juu ile ya kwanza imesahaulika kabisa na kusema ukweli naona ndio kali kuliko zote. Rangi haikubadilika hata kidogo. Ni watu ndio walipitia mambo kati ya 1952 na 1963 na rangi ikawafuata.

Ok, kwa karatasi: kijani ni mstari wa chini kabisa, kuanzia 7 mpaka 10. Kijani kibichi, kile cha majani ya chai yakiwa shambani, sio kile cha ndimu. Na hapa pia acha nafasi katikati kwanza, maanake ngao na miguu ya mikuki zinaingia mpaka huku. Ukiwa na wasiwasi kama umepindua bendera, kumbuka kijani ni ardhi, na ardhi iko chini miguuni. Watu walishaaibika kwa mikutano mikubwa wakiwa wameipandisha kijani ikiwa juu.

Nyeupe

Hii ndio sehemu yangu ya kupenda na ndio watu huruka. Mwaka 1960 siasa zilipofunguliwa tena vikaja vyama viwili vikubwa. KANU, wakina James Gichuru, Oginga Odinga, Tom Mboya, baadaye Kenyatta mwenyewe alipoachiliwa, hao wakachukua rangi za ile KAU ya zamani, nyeusi nyekundu kijani. Na KADU, wakina Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, hao walikuwa wanaogopa kwamba makabila makubwa yatameza madogo kwa hivyo walitaka serikali ya majimbo. Walivutana vibaya sana, kule mikutano ya Lancaster House London na hapa nyumbani, na KANU wakashinda uchaguzi wa Mei 1963 na Kenyatta akawa waziri mkuu siku ya Madaraka, 1 Juni.

Sasa nchi inataka bendera. Chama kilichoshinda kina bendera yake tayari. Ukiichukua vile ilivyo umewaambia wale wengine, nusu ya nchi, kwamba hii nchi si yenu. Kwa hivyo msingi ukabaki wa KANU lakini nyeupe ikaingizwa, na inavyoelezwa ni heshima kwa upande wa KADU, ambao nyeupe ilikuwa kwa rangi zao. Maana yake rasmi ni amani na umoja. Ndio unaona nyeupe haina mstari wake mkubwa, iko kati, inatenganisha na wakati huo huo inashikanisha. Ni maelewano ya kisiasa yamepimwa kwa rula, sehemu moja kati ya ishirini, mara mbili.

Kwa hivyo ukiisahau umefanya kosa kubwa kushinda kukosea ngao, umerudisha bendera ya chama. Na ukiichora pana sawa na zingine pia si sawa. Kwa mchoro wako nyeupe ni kati ya 3 na 3.5, na kati ya 6.5 na 7. Huifanyi chochote, unailinda tu. Kama unatumia rangi za maji, bandika kautepe kembamba pale kabla hujapaka, ukitoa ikishakauka unapata mstari safi kabisa. Usitumie tepu ya kushikilia sana, itaondoka na ngozi ya karatasi.

Ngao na mikuki

Ngao ndio kitu cha kizamani zaidi kwa bendera hii, ilikuwa kwa ile ya KAU tangu 1951, na bado ndio ilikuja mwisho kwa ile ya taifa, juu zile rangi tatu za KANU hazikuwa na ngao, chama chenyewe alama yake ilikuwa jogoo. (Jogoo hakupotea, ukiangalia nembo ya taifa yuko pale ndani ya ngao ameshika shoka, ati chama kilitoka kwa bendera kikajificha kwa nembo.) Ile ya taifa ikapewa ngao ya Kimaasai na mikuki miwili. Maana yake ni ulinzi wa uhuru na wa vitu vyote vile rangi zinasimamia. Kenyatta kule Nyeri alikuwa amesema pia kwamba hizo silaha ni kutukumbusha mababu waliozitumia kulinda ardhi hii.

Tafuta katikati ya bendera. Njia rahisi, weka rula kutoka kona mpaka kona, zile mbili zikikutana hapo ndio katikati. Kwa boksi letu ni sentimita 7.5 kutoka kushoto na 5 kutoka juu. Vuta mstari mwepesi wa wima hapo. Ngao inasimama wima, ndefu, tumbo pana katikati na ncha juu na chini, na kimo chake kinazidi kidogo nusu ya kimo cha bendera. Kwa hivyo inavuka nyekundu yote, inavuka nyeupe zote mbili, na inaingia ndani ya nyeusi juu na ya kijani chini kwa kiasi sawa. Ngao ikiishia ndani ya nyekundu tu ni ndogo, ikikaribia kugusa ukingo wa juu ni kubwa. Chora upande mmoja kwanza, weka karatasi nyingine juu yake uchukue umbo, geuza, chora upande wa pili. Katiba inasema ngao iwe na pande zinazolingana na jicho la mtu hukamata haraka sana tumbo moja likiwa kubwa.

Rangi za ngao, mwili ni mwekundu, kando kushoto na kulia kuna nyeusi, na alama nyeupe. Hapa usikisie, fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Pili, kuna picha ya bendera pale na maelezo yake, na kifungu cha 9 ndio kinazitaja alama za taifa, yaani bendera, wimbo, nembo na muhuri. Faili yake iko kwa intaneti bure. Piga picha ya skrini, ikuze, iweke kando yako ukichora. Nimeona hadi vitabu vya watoto vina ngao za kubuni, nyingine ina macho.

Mikuki ni miwili, nyeupe yote, imepishana nyuma ya ngao. Nyuma. Ncha zinatokea juu kushoto na kulia, na miguu inatokea chini. Ile sehemu iko nyuma ya ngao huichori kabisa. Mikuki isiwe ya kahawia ati kwa sababu ni mbao, na isiwe nyeusi, itapotea ndani ya nyeusi. Kama unatumia krayoni, chora mikuki kabla hujajaza nyeusi na ile nafasi uliacha kwa nyekundu na kijani, alafu ujaze kuizunguka. Sasa chukua ile nyeusi tuliiacha ujaze, polepole, ukianzia pembeni mwa mikuki na ngao ukienda nje. Weka karatasi safi chini ya mkono. Futa penseli zote zilizobaki. Imeisha.

Kabla hujaipeleka, ilinganishe kidogo kichwani na za nchi zingine za Afrika. Malawi pia ni nyeusi nyekundu kijani lakini haina nyeupe, na ina jua jekundu linachomoza kwa nyeusi. Sudan Kusini ndio inachanganya watu, mistari ni karibu ile ile yetu hadi nyeupe zake, lakini kuna pembetatu ya bluu na nyota upande wa mlingoti. Ukiona bluu mahali popote kwa mchoro wako ujue umevuka mpaka.

Ukitaka ya kitambaa

Hesabu haibadiliki, ila sasa kuna mishono. Tuseme unataka ya sentimita 150 kwa 100 ikiwa imeisha. Mikubwa ni sentimita 30, nyeupe 5. Acha sentimita 1 kila mahali pa kuunganisha na 2 kila mahali pa kupinda ukingo. Basi nyeusi unakata upana 33, maanake ina pindo upande mmoja na muungano upande mmoja, kijani pia 33, nyekundu 32, na nyeupe mbili za 7. Urefu wote kata 154. Ukikata nyekundu 33 pia ati zifanane, utashangaa baadaye mbona bendera haikai sawa.

Ya kupepea nje tumia polista, pamba inanyonya mvua inakuwa nzito na haipepei, na rangi inachujuka haraka, nyekundu ndio huanza. Shona kuanzia juu kwenda chini. Upande wa mlingoti ongeza kipande cha kitambaa kigumu cheupe cha kutia vitundu vya kamba, hicho hakihesabiwi kwa vipimo. Upande ule mwingine, ule unapigwa na upepo, mwambie fundi apige mshono mara mbili ama tatu, huko ndio bendera zote huanza kuchanika.

Ngao ya kitambaa lazima iwe pande zote mbili, maanake bendera inaonekana kutoka huku na kule. Kata mbili zinazofanana kabisa, bandika na pini mgongo kwa mgongo, ishikilie kwa dirisha uone kama zimelingana mwangani, ndio ushone. Wengine wanachapisha kwa rangi, ni rahisi, lakini ngao ya kuchapisha upande mmoja tu ukiiangalia kwa nyuma ni kama kivuli.

Kuipandisha

Ile ya kwanza ilipandishwa usiku wa manane, 11 kuingia 12 Desemba 1963, pale panaitwa Uhuru Gardens leo, Nairobi, ya Muingereza ikashuka mbele ya Prince Philip na hii ikapanda. Na wakati huo huo mpanda milima Kisoi Munyao alikuwa ameshapanda Mlima Kenya na nyingine akaisimamisha huko juu kwa baridi. Miezi kumi baadaye, Olimpiki za Tokyo, Oktoba 1964, Wilson Kiprugut akachukua shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Kenya kwa Olimpiki, na bendera ikapandishwa huko mbele ya dunia ikiwa haijamaliza hata mwaka.

Wewe huku chini fanya hivi. Nyeusi juu, angalia mara mbili kabla hujafunga kamba. Inapanda haraka lakini kwa adabu, inashuka polepole, na haigusi chini. Shuleni hii ni kazi ya maskauti Jumatatu na Ijumaa kwa gwaride na wimbo wa taifa. Kwa vituo vya polisi na ofisi za serikali inapanda asubuhi na kushuka jioni saa kumi na mbili, na firimbi ikilia unasimama hapo hapo ulipo, mwenye baiskeli anashuka, hata gari linasimama, hadi firimbi ilie tena. Mgeni akiwa nawe mshike mkono, wengi wanaendelea kutembea hawajui kwa nini askari anawaangalia vibaya.

Kwa gari hapo chunga. Kuna sheria, Sura ya 99, ya bendera, nembo na majina ya taifa, na bendera ya kupepea mbele ya gari ni ya wakubwa wachache wametajwa, Rais, Naibu wake, Jaji Mkuu, mawaziri na wengine wa kiwango hicho. Sheria hiyo hiyo inakataza kuidharau bendera na pia kuitumia kwa biashara bila ruhusa. Bangili ya shanga, skafu ya uwanjani, kujifunga begani, hayo watu wamefanya miaka yote, na Juni 2024 vijana walijaa barabarani kwa maandamano wakiwa wamejifunga nayo, kila kona kulikuwa na mtu anauza. Naona iko sawa kabisa, ilitoka kwa mikutano ya watu kabla haijafika kwa bonet ya waziri.

Ukiining'iniza ukutani kwa kulala hakuna shida, ila ukiisimamisha wima nyeusi iwe kushoto kwa mtu anayeangalia. Na ya nusu mlingoti, vile ilikuwa Aprili 2022 Rais wa zamani Kibaki alipofariki, haikwami tu katikati ikipanda: unaipandisha mpaka juu kabisa, inatulia kidogo, ndio unaishusha hadi nusu. Jioni ukiitoa unaipandisha tena juu kwanza kisha ndio unaishusha yote. Kamba iache imefungwa vizuri, upepo wa usiku ukiilegeza utakuta asubuhi imeteremka yenyewe na watu wanauliza nani amekufa.